ASKARI NI WA NANI? Kutoka Enzi za Kipande Hadi Leo Katika Nchi ya Chai

Kurasa za historia katika majarida ya Ramadhani kwa kawaida hutupeleka mbali: Badr, Andalusia, Timbuktu. Safari hii hatuendi mbali. Tunabaki hapa hapa kwetu, kati ya Londiani na Sotik, na tunauliza swali moja tu. Huyu askari tunayekutana naye barabarani na kule kituoni, ni wa nani?

Hebu tuanze na usiku mmoja ambao wengi wetu tunaukumbuka. Tarehe 10 Oktoba 2018, kabla ya mapambazuko, basi lililotoka Nairobi kwenda Kakamega liliacha barabara pale Fort Ternan, likabingiria mteremkoni na paa likang'oka. Zaidi ya watu 50 walifariki, watoto wakiwemo. Kulipopambazuka, wakuu wa trafiki wakasema basi lile halikuwa na leseni ya kusafirisha abiria usiku.

Sasa jiulize. Kutoka Nairobi mpaka Fort Ternan ni zaidi ya kilomita 200. Basi si sindano. Lilipita mbele ya macho ya watu waliovaa sare, tena zaidi ya mara moja. Sisemi kwamba kila askari wa usiku ule alipewa kitu, maana sikuwepo na kumsingizia mtu ni dhambi. Nasema tu kwamba swali hilo liliulizwa na kila Mkenya asubuhi ile, na aliyefiwa na mtoto alikuwa na haki ya kujibiwa.

Na sisi watu wa Kericho na Bomet tuna ajabu yetu. Zao linalotulisha ndilo limekuwa jina la hongo. "Toa ya chai." "Afisa, chukua chai." Niko kidato cha nne, nilipanda matatu kutoka Litein. Kwenye kizuizi makanga alikunja noti ya hamsini mpaka ikawa kama kijiti cha kiberiti, akaiangusha kwenye lami bila hata gari kusimama vizuri. Abiria 14 tuliona, na hakuna aliyesema kitu. Mama mmoja aliyekuwa na kikapu cha mboga akasema polepole, "Hata huyu ana watoto." Tukacheka, gari likaenda. Nimeyafikiria sana maneno ya yule mama. Alikuwa anamhurumia askari, na huruma ni kitu kizuri, lakini hakuna hata mmoja kati yetu aliyefikiri kwamba yule askari ni mtumishi wetu. Tulimwona kama mvua: ikija unajifunika.

Mawazo haya hayakuanza jana. Yana historia, na historia yenyewe imeandikwa juu ya ardhi hii tunayochuma chai.

Kabla ya Mzungu, Wakipsigis hawakuwa na polisi. Ugomvi wa mpaka, wa ng'ombe au wa ndoa ulimalizwa kwenye kokwet, yaani baraza la wazee wa ujirani mmoja. Mzee wa kokwet aliishi na wale anaowaamua. Akipotoka, kesho yake anakutana nao kisimani. Sisemi kila kitu kilikuwa asali, kwa sababu vijana walikwenda kuteka ng'ombe kwa majirani na damu ilimwagika. Lakini mwenye kuamua alijulikana jina lake, baba yake na boma lake.

Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, ikipita kwenye stesheni iliyoitwa Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion. Pamoja na reli wakaja maafisa na askari wao. Mwaka 1905 jeshi la King's African Rifles lilitumwa Sotik kuwaadhibu watu kwa sababu ya ng'ombe walioporwa kutoka kwa Wamasai. Watu wengi waliuawa, mifugo ikachukuliwa, na baadaye sehemu ya ardhi ile ikagawiwa walowezi. Basi mkutano wa kwanza wa watu wa Sotik na mtu mwenye sare ya serikali ulikuwa huo.

Hapa nasi Waislamu wa miji hii tuna sehemu yetu katika hadithi, tusijifiche. Miongoni mwa wale askari wa mwanzo wa Waingereza walikuwamo Wasudani, na wajukuu zao ndio ndugu zetu Wanubi, waliopewa mahali pa kukaa Kibera, Eldama Ravine, Kisii, hapa Kericho na kwingineko. Wazee wale walitumikia serikali iliyowatuma. Nao pia hawakuulizwa wanamtumikia nani.

Tuangalie jinsi serikali ile ilivyopangwa. Sheria ya machifu ya 1902 iliweka kiongozi wa kijiji wa kuteuliwa, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa namna hiyo. Chifu akapewa wasaidizi wa kukamata watu na kukusanya kodi ya kibanda. Mwaka 1929 wasaidizi hao wakawekewa sheria yao na kuitwa polisi wa kikabila, na mwaka 1958 wakabadilishwa jina kuwa Polisi wa Utawala, yaani hawa AP tuliowazoea. Juu ya chifu alikaa DC. Na DC huyo huyo ndiye mkubwa wa askari, ndiye msimamizi wa kodi, tena ndiye hakimu. Ukipigwa na askari wa chifu, unakwenda kumshtaki kwa nani? Kwa bwana yake. Mashtaka yanaingia mlango ule ule yaliyotokea.

Wizi wa ng'ombe ndio ulioonyesha ubaya wa mpango huu. Mwaka 1909 serikali ilipitisha sheria ya adhabu ya pamoja, na mwaka 1913 ikaja sheria ya wizi wa mifugo na mazao iliyoruhusu faini ya mara kumi ya thamani ya kilichoibwa. Mwizi asipoweza kulipa, jamaa zake wanalipa. Nyayo za ng'ombe zikiishia kwenye kijiji fulani, kijiji kizima kinalipa. Kwa askari hii ilikuwa rahisi mno, maana hakuhitaji ushahidi wala kumtafuta mwizi mwenyewe. Alihitaji kijiji tu. Mzee ambaye hajawahi kugusa kamba ya mtu anaona ng'ombe wake wanaswagwa. Hapo ndipo mambo yalipogeuzwa kichwa chini: raia ndio waliowajibika kwa kazi ambayo polisi wameshindwa kuifanya.

Adhabu ya pamoja ilifika kileleni mwaka 1934. Ukoo wa Talai ndio uliotoa viongozi wa dini ya jadi, maorgoiyot, na serikali iliwaona kuwa wachochezi. Tayari mwaka 1914 kiongozi wao, Kipchomber arap Koilegei, alikuwa amepelekwa uhamishoni Fort Hall, leo Murang'a, na akafia huko. Mwaka 1934 ikatungwa sheria maalum ya kuwaondoa, na ukoo mzima, mamia ya watu, wazee, wanawake na watoto wachanga, ukapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali pa mbung'o na malaria. Hakuna aliyesomewa shtaka lake peke yake. Walirudishwa mwaka 1962, na wengi hawakukuta ardhi. Hata leo wanadai haki yao. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza kuhusu jambo hili, na mwaka uliofuata kesi ikapelekwa kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, karibu ekari 25,000 za Kericho walipewa maafisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Mradi ule ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na kampuni ya James Finlay wakaingia na chai. Wafanyakazi wakaja kutoka Gusii, Nyanza na kwingine. Kila mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alilazimika kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mfanyakazi akitoroka kazini kabla ya mkataba kwisha, huo haukuwa ugomvi wake na mwajiri tu. Lilikuwa kosa la jinai, na polisi ndio waliomtafuta. Kwa mchumaji wa chai, basi, askari na bwana shamba walikuwa mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja.

Uhuru ukaja 1963. Katiba ya kwanza iliweka tume ya polisi ili askari wasiwe mali ya mwanasiasa, lakini haikudumu. Mamlaka yakarudi juu, safari hii kwa Rais, ambaye alimteua na kumwondoa Kamishna wa Polisi apendavyo. AP wakabaki chini ya DC na chifu kama zamani. Bendera ilibadilika, lakini ngazi ilibaki ile ile, na waliokuwa chini yake ni wale wale. Hapa sitakaa sana. Kila familia ina mzee anayekumbuka msako wa chang'aa, na anajua nani alikamatwa na nani aliachwa kwa sababu anapeleka bahasha kila mwezi.

Gharama ya ngazi hiyo ilionekana wakati nchi ilipowaka. Mwishoni mwa Oktoba 1991 fujo zilianza katika shamba la Meteitei, mpakani mwa Nandi, na katika miezi iliyofuata moto ukafika Kipkelion, Fort Ternan na mpaka wa Sondu. Nyumba zilichomwa na watu wakakimbia. Tume ya Jaji Akiwumi ilisikiliza mashahidi 1998 na 1999 na ikakuta kwamba polisi na utawala wa mikoa katika sehemu nyingi walizembea, au hawakutaka kuzuia. Ripoti ilikaa kabatini mpaka 2002. Waliotajwa waliendelea na shughuli zao.

Halafu ikaja Januari 2008. Hapa naomba tusome polepole, kwa sababu wengi wa wasomaji wetu walikuwa bado hawajazaliwa, na wazazi wao hawapendi kuzungumza.

Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa mashamba ya chai kutoka makabila mengine walivamiwa kwenye kambi zao. Wengine waliuawa, wengine walijeruhiwa na kuporwa, na maelfu wakakimbilia vituo vya polisi na viwanja vya wazi. Miaka baadaye wakazi 218 wa shamba moja la Unilever hapa Kericho walishtaki mjini London, wakidai kampuni haikuwakinga. Walishindwa mahakama ya kwanza 2017 na rufaa 2018. Kiini cha hoja iliyowashinda ni kwamba kampuni mama ya Uingereza haikuwa na jukumu hilo kisheria. Sasa kama si kampuni, ni nani? Jibu la kila mtu ni polisi. Na polisi Januari ile walikuwa wapi? Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima, na 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi. Kwa maneno mengine, mahali pengine polisi hawakufika, na mahali pengine walifika na bunduki.

Tarehe 31 Januari 2008 mbunge wetu wa Ainamoi, David Kimutai Too, alipigwa risasi mjini Eldoret na polisi wa trafiki. Ilikuwa siku chache tu tangu mbunge mwingine wa upinzani auawe Nairobi. Siku ile ile Kamishna wa Polisi akatangaza kwamba hili ni jambo la kibinafsi na halina siasa ndani yake. Kericho haikuamini. Mji ukalipuka, nyumba zikachomwa, damu nyingine ikamwagika. Baadaye yule askari alishtakiwa mahakamani na akafungwa.

Tazama kilichotokea pale. Inawezekana kabisa maneno ya Kamishna yalikuwa ya kweli. Lakini aliyeua ni polisi, aliyechunguza ni polisi na aliyetangaza ni polisi, kabla hata mwili haujapoa. Hapakuwa na mtu wa tatu ambaye mama wa Ainamoi angeweza kumwamini. Ukweli usio na shahidi ulishindwa kuzima moto, na waliolipia ni watu ambao hawakuhusika na kisa kile hata kidogo. Kwa maoni yangu, siku hiyo moja inatosha kueleza kwa nini nchi ilihitaji sheria mpya.

Tusiwasahau askari wenyewe, kwa kuwa haki haigawanywi. Mwaka 2009 jopo la Jaji mstaafu Philip Ransley lilizunguka nchi likatoa mapendekezo zaidi ya 200. Moja ya mambo yaliyosikika kila mahali ni hali ya maisha ya polisi: familia mbili kwenye chumba kimoja, katikati pazia, kijana aliyeajiriwa kwa mshahara mdogo, kupandishwa cheo ni kwa kujuana, na bosi anataka mgao wa kila siku kutoka barabarani. Kijana huyo huyo ndiye anayekula ile noti ya hamsini, na nusu yake si yake.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ikageuza ngazi. Kifungu cha 244 kinaitaka Huduma ya Polisi izuie ufisadi na iwe na uwazi na uwajibikaji. Kifungu cha 245 kinasema hakuna mtu anayeweza kumwamuru Inspekta Jenerali amchunguze fulani au amwache fulani. AP na polisi wa kawaida wakawekwa chini ya mkuu mmoja, na chifu hana tena askari wake. Sheria mbili za 2011 zikafuata, moja ya Huduma ya Polisi na nyingine ya kuunda mamlaka huru ya kuwasimamia, hii tunayoiita IPOA, ambayo bodi yake ya kwanza ilianza kazi 2012. Kwa mara ya kwanza tangu DC wa kwanza apige hema hapa, palikuwa na mlango mwingine wa kupeleka mashtaka.

Desemba 2013 Tume ya Huduma kwa Polisi ilianza kuwapiga maafisa msasa, kuanzia wakubwa. Neno hili "kupigwa msasa" lina uchungu kwa baadhi yetu. Kijana Mnubi au Msomali aliyezaliwa Kericho, akienda kuchukua kitambulisho, kwa miaka mingi alipigwa msasa mbele ya kamati huku mwenzake akichukua chake na kwenda. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi katika jambo la uraia. Basi kuona sasa ni zamu ya afisa kukaa kwenye kile kiti na kuulizwa maswali, wengine tulitabasamu kidogo, Mungu atusamehe.

Na maswali yenyewe yalikuwa ya pesa. M-Pesa ilianza 2007, na hakuna aliyefikiri kwamba itakuwa shahidi. Maafisa walitakiwa kuleta taarifa za akaunti zao na za simu. Ikaonekana askari wa trafiki mwenye mshahara unaojulikana anapitisha mamia ya maelfu, na wadogo wanatuma kwa wakubwa karibu kila siku. Wengine walisema wanauza maziwa, wengine wanafuga kuku. Wengine waliona heri waache kazi kuliko kujibu.

Mwanafunzi wa historia ya Kiislamu hapa atakumbuka kitu. Wanahistoria wetu wanaeleza kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab, aliyetawala kati ya 634 na 644, alikuwa akiandika mali ya gavana kabla hajamtuma kazini. Akirudi na utajiri usio na maelezo, nusu inachukuliwa na kutiwa Baytul Mal. Tena alikuwa na mtu maalum, Muhammad bin Maslama, wa kwenda kuchunguza malalamiko ya raia dhidi ya magavana papo hapo mikoani, mbele ya watu. Karne 14 zilizopita walishajua kwamba gavana hawezi kujichunguza. Kenya ilianza kudai tamko la mali kwa kila mtumishi wa umma kwa sheria ya 2003, lakini fomu zile kwa muda mrefu zilifungiwa bahasha na kuwekwa bila kusomwa.

Je, mlango mpya umefunguka? Umefunguka nusu. Mwezi Februari 2016 Mahakama Kuu Mombasa iliwatia hatiani polisi wawili kwa kifo cha Kwekwe Mwandaza, msichana wa miaka 14 aliyepigwa risasi nyumbani kwao Kwale mwaka 2014. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza iliyotokana na uchunguzi wa IPOA. Kwa familia maskini ya kijijini kuwaona wenye bunduki kizimbani, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini miezi minne baadaye, Juni 2016, mwendesha boda boda Josephat Mwenda, wakili wake Willie Kimani na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri walitekwa walipotoka mahakamani Mavoko. Miili yao ilipatikana mtoni ndani ya magunia. Kosa la Mwenda lilikuwa lipi? Alipigwa risasi na afisa mmoja wa AP, akapeleka malalamiko IPOA, akakataa kuyaondoa. Kesi ilichukua miaka sita. Julai 2022 polisi watatu na mtoa habari wao walipatikana na hatia ya kuua, na Februari 2023 afisa aliyelalamikiwa akahukumiwa kifo, wenzake vifungo virefu. Kijana akiniambia anaogopa kulalamika, siwezi kumwambia uoga wake hauna msingi. Ninachomwambia ni kwamba asiende peke yake, na aache nakala ya kila karatasi kwa mtu mwingine.

Na kazi haijaisha. Jopo la Jaji Mkuu mstaafu Maraga, lililotoa ripoti yake 2023, lilikuta ufisadi bado umeota mizizi ndani ya polisi. Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikamatwa Homa Bay akiwa hai na akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Taarifa ya kwanza ya polisi ikasema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukasema vingine, IPOA ikaingia, na maafisa wakashtakiwa kwa mauaji. Linganisha na Ainamoi 2008. Taarifa ya haraka ilikuwa ile ile, lakini safari hii palikuwa na mtu wa tatu.

Basi wewe wa Chepseon, wa Kapkatet, wa Silibwet, kuna mambo machache ya kujua kabla hujafika kituoni. Ukiripoti jambo, andikiwa kwenye kitabu cha OB na uondoke na namba yake, maana lisilo na namba halijatokea. Fomu ya P3 ni bure. Mama yangu mdogo aliwahi kuambiwa kwenye kituo kimoja, sitakitaja, alipe "ya karatasi". Akauliza risiti. Karatasi ikapatikana. Aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, isipokuwa saa hizo zikiangukia siku ambayo korti haikai. Malalamiko IPOA unaweza kupeleka kwa mdomo au kwa maandishi, bila malipo, na wana kituo Kisumu.

Mwisho kuna jambo ambalo vijana wengi hawajalisikia. Sheria ya polisi ya 2011, kifungu cha 41, inataka kila kaunti iwe na mamlaka yake ya usalama chini ya uenyekiti wa gavana, na ndani yake wakazi wasiopungua sita: wafanyabiashara, vikundi vya jamii, wanawake, watu wenye ulemavu, mashirika ya dini na vijana. Ni kama kokwet iliyorudi kwa mlango wa sheria. Kwa miaka mingi magavana walilalamika kwamba mamlaka hizo zimebaki kwenye karatasi tu. Kiti cha vijana kimeandikwa, na cha watu wa dini pia kimeandikwa. Baada ya Idd, inshaallah, tutaandika barua kwa kaunti zote mbili, Kericho na Bomet, kuuliza ni nani aliyekalia viti hivyo na walikutana lini mara ya mwisho. Anayetaka kutia sahihi aje msikitini baada ya Ijumaa ya kwanza ya Shawwal, na aje na namba yake ya kitambulisho, kama ameshapewa.